Muhula wa Tatu wa Kiongozi Mzuri

Eriya Kategaya na Yoweri Museveni walikua pamoja kusini-magharibi mwa Uganda, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Walisoma pamoja tangu utotoni, wakawa pamoja Ntare School mjini Mbarara, na wote wawili wakapita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam enzi zile Mlimani palipokuwa pakichemka kwa hoja za ukombozi wa Afrika. Wakaingia kwenye mapambano pamoja. Vuguvugu lao, NRM, lilipotwaa Kampala Januari 1986, Kategaya alihesabiwa mtu wa pili baada ya Museveni mwenyewe. Mei 2003 aliondolewa kwenye baraza la mawaziri, yeye na Bidandi Ssali na Miria Matembe. Wote watatu walikuwa wamelipinga wazo lililotolewa miezi miwili nyuma kwenye kikao cha Kyankwanzi, kwamba kifungu cha Katiba kinachomzuia rais kugombea zaidi ya mara mbili kifutwe.

Kila mjadala huu unapozuka katika nchi zetu namfikiria Kategaya. Kumkatalia adui hakuhitaji ujasiri mkubwa. Kumkatalia mtu uliyelala naye njaa, aliyekujua kabla hujawa na cheo, ambaye wewe mwenyewe ulimbeba hadi alipofika, hilo ni jambo jingine kabisa. Wala hoja yake haikuwa kwamba rafiki yake ameharibika. Alikuwa akikumbusha jambo la kawaida tu: Katiba waliiandika wao, na katika uchaguzi wa 2001 mgombea wao aliwaambia wananchi kwamba huo ndio muhula wake wa mwisho.

Hapo ndipo ninapoona mijadala yetu ya ukomo wa urais inapoteleza. Tukikaa kujadili iwapo rais fulani aongezewe muda, swali la kwanza tunalouliza ni hili: amefanya nini? Tunahesabu barabara, vituo vya afya, umeme uliofika kijijini kwa mjomba. Hesabu ikitoka vizuri, tunaona Katiba inamwonea. Mtu amefanya kazi, ana nguvu, anajua faili zote, kwa nini karatasi imwondoe? Ikitoka vibaya, tunaikumbatia Katiba kwa nguvu zetu zote. Kwa njia hiyo ukomo wa mihula unakuwa fimbo ya kuwachapia wabaya, na zawadi ya wazuri ni kusamehewa fimbo hiyo.

Mimi naamini kinyume chake. Ukomo uliwekwa kwa ajili ya kiongozi mzuri, yule anayependwa kweli. Mbaya ana vizuizi vingine, walau kwenye vitabu: uchaguzi unaweza kumwangusha, Bunge linaweza kumbana, mahakama inaweza kumkatalia, magazeti yanaweza kumuumbua. Anayependwa huvipita vyote hivyo bila hata kuvunja sheria. Uchaguzi anashinda. Wabunge wameingia bungeni kwa mgongo wake, na hakuna anayetaka kurudi jimboni kueleza kwa nini alimpinga baba wa taifa. Majaji wengi aliwateua yeye. Wahariri nao ni watu, wanampenda, na asiyempenda anajua wasomaji wake wanampenda. Breki zinalegea moja baada ya nyingine, na kila iliyolegea ililegea kwa nia njema. Mwisho inabaki kalenda peke yake, kwa sababu kalenda haipendi wala haichukii.

Turudi Uganda, maana hadithi ya Uganda si ya mtu aliyeanza vibaya. Nchi ilikuwa imetoka kwa Idi Amin, ikapita kwenye Obote wa pili na mauaji ya Luweero. Tangu uhuru wa 1962 hapakuwa na rais hata mmoja aliyemkabidhi mwenzake ofisi kwa amani, na mpaka leo hayupo. Museveni alileta utulivu katika sehemu kubwa ya nchi, ingawa kaskazini iliendelea kuungua kwa miaka mingi. Alisimama hadharani akausema UKIMWI kwa jina wakati viongozi wengi wa Afrika walikuwa wanauficha, na maambukizi yakashuka katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 watoto wakaingia shule za msingi bila ada. Kwenye hotuba ya kuapishwa kwake, Januari 1986, alisema kinachokuja ni mabadiliko ya kina, na mwaka huohuo akawalaumu viongozi wa Afrika wanaong'ang'ania madaraka. Watu walimwamini, na walikuwa na sababu.

Ndiyo maana Katiba ya Uganda ya Oktoba 1995 inanigusa. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi nzima ikikusanya maoni, Bunge la Katiba likakaa mwaka 1994 na 1995, na walipofika kwenye urais wakaandika, katika ibara ya 105, kwamba mtu asichaguliwe zaidi ya mara mbili. Waliandika hivyo Museveni akiwa kwenye kilele cha kupendwa kwake. Hapakuwa na hasira dhidi yake, wala njama. Walikuwa watu waliofukia maiti nyingi, waliojua kwamba hata mkombozi ni mtu, na wakachagua kuyasema mapema, angali anapendwa, yale ambayo baadaye yangekuwa magumu kumwambia usoni. Busara ya namna hiyo hupatikana mara chache katika maisha ya taifa. Mara nyingi huja baada ya msiba, nayo husahaulika kizazi kinachofuata kikishazoea amani.

Kifungu hicho kilidumu miaka kumi. Kampeni ya kukifuta ilipopamba moto, wanaomuunga mkono rais walivaa majani makavu ya migomba, kisanja, wakacheza barabarani. Wabunge wakapewa shilingi milioni 5 za Uganda kila mmoja, zikaelezwa kuwa ni za kwenda kuongea na wapigakura. Mwaka 2005 kifungu kikaondoka. Kikabaki kizuizi kimoja, umri wa miaka 75, nacho zamu yake ikafika. Septemba 2017 watu wa usalama waliingia ndani ya ukumbi wa Bunge kuwatoa wabunge waliokuwa wakipinga, viti vikarushwa, na Desemba mwaka huo umri nao ukafutwa. Safari hii fedha za kuongea na wapigakura zilikuwa milioni 29 kwa mbunge. Mahakama ya Juu ikaridhia mwaka 2019, majaji wanne dhidi ya watatu. Mwaka 2021 Museveni akachaguliwa kwa muhula wa sita.

Wakati wa kampeni za mwanzoni mwa 2016 alitoa hoja ambayo nadhani ni ya dhati na inastahili kujibiwa kwa heshima. Alisema, kwa maana, kwamba hawezi kuondoka kwenye shamba la migomba alilolipanda mwenyewe wakati ndiyo kwanza limeanza kuzaa. Mtu yeyote aliyewahi kuinua kitu kutoka chini anaielewa hisia hiyo. Umelima, umepalilia, umeweka samadi, kisha mgeni aje kuvuna? Lakini wakulima wa migomba wa Ankole, na ndugu zao wa Bukoba na Rungwe, wanafanya nini mkungu ukishakomaa? Huukata mgomba wenyewe. Mgomba huzaa mara moja tu, na usipokatwa unazuia jua lisiwafikie machipukizi pembeni yake. Kuna mashamba ya migomba yaliyorithishwa kutoka babu hadi mjukuu, nayo yamedumu kwa sababu kila mgomba uliozaa ulipisha. Mkulima mwema pia huchagua mapema chipukizi gani libaki. Katika Uganda ya leo, machipukizi ya kizazi cha Kategaya na hata ya waliomfuata yamezeeka yakiwa chini ya kivuli.

Kuna jambo jingine katika hoja ya shamba. Inamchukulia aliyepanda kuwa mwenye shamba. Nchi ilipandwa na wengi, wakiwemo waliokufa Luweero bila kuonja hata ndizi moja, na wenye mali ni wananchi. Kiongozi anaposema "kazi yangu haijaisha" anasema kweli tupu. Kazi ya nchi haijawahi kuisha kwa mtu yeyote. Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu Novemba 1985 nchi ikiwa na foleni za sukari na sabuni, deni kubwa, viwanda vimesimama. Kama kungoja kazi iishe ndilo lingekuwa sharti la kuondoka, angefia pale.

Niseme pia juu ya wanaoomba kiongozi aongezewe muda. Ni nadra kiongozi mwenyewe kusimama na kusema nataka muhula wa tatu. Wimbo huanzishwa na wengine: mbunge anayetafuta uwaziri, mfanyabiashara mwenye zabuni, mzee wa kimila aliyejengewa nyumba, siku hizi na hawa tunaowaita machawa. Siwalaumu wananchi wa kawaida wanaocheza ngoma hiyo. Wengi wanashukuru kwa dhati kwa maji yaliyofika. Lakini tazama wanaoongoza. Kwa kiongozi, kuondoka ni kustaafu kwa heshima, mafao, walinzi, nyumba. Kwa aliye pembeni yake, kuondoka kwa bosi ni kufungwa kwa bomba. Yeye ndiye mwenye hofu kubwa zaidi ya kalenda, na yeye ndiye hutuambia kwamba wananchi wameomba. Nchini Rwanda mwaka 2015 maombi yenye saini zaidi ya milioni 3.7 yalipelekwa bungeni kutaka Katiba ibadilishwe, na kura ya maoni ya Desemba ikapita kwa zaidi ya asilimia 98. Sina haja ya kubishana na idadi hiyo, wala sikanushi kwamba Wanyarwanda wengi wana sababu za kumshukuru Paul Kagame. Ninachouliza ni hiki: katika nchi ambamo karibu kila mtu anakubali, yule mmoja mwenye wasiwasi angeusema wapi?

Upande huu wa Ziwa Tanganyika, hapa Tanzania, hatukuhitaji kusoma vitabu ili kujua gharama ya kupuuza ukomo. Mkataba wa amani wa Burundi ulitiwa saini Arusha, Agosti 2000, baada ya mazungumzo aliyoyaanza Nyerere na kuyakamilisha Mandela. Ndani yake iliandikwa kwamba rais asitumikie zaidi ya mihula miwili. Pierre Nkurunziza aliingia madarakani 2005 kwa kura za wabunge, akafuta ada za shule za msingi, mwaka uliofuata akaruhusu akina mama kujifungua na watoto wadogo kutibiwa bure. Vijijini alipendwa, alicheza mpira na watu, alibeba tofali kwenye miradi yao. Aprili 2015 chama chake kikamteua tena. Hoja ikawa kwamba muhula wa kwanza hauhesabiki kwa kuwa haukutokana na kura za wananchi moja kwa moja. Mahakama ya Katiba ikakubali, lakini makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikuwa ameshakimbilia Rwanda, akisema majaji walishinikizwa.

Mei 13 mwaka huo Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye kikao cha viongozi wa Afrika Mashariki, wakijadili mgogoro huohuo, jenerali mmoja alipotangaza redioni kwamba amepinduliwa. Mapinduzi yalishindwa. Watu walikuwa wameshaanza kukimbia. Makumi ya maelfu walishuka Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, mahali pasipo na barabara. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ikawa inakwenda na kurudi ikiwabeba mpaka Kigoma, na kutoka pale mabasi yakawapeleka Nyarugusu, kambi iliyokuwa tayari imejaa Wakongo. Nawaza juu ya mama aliyejifungua bure mwaka 2007 kwa amri ya rais huyo, na mwaka 2015 akapanda meli na mtoto huyohuyo, umri wa miaka minane, akikimbia kwa sababu ya muhula wa rais huyohuyo. Lazima alikuwepo. Katika umati ule lazima walikuwepo wengi.

Nkurunziza alifariki Juni 2020, wiki chache kabla ya kukabidhi ofisi. Hakupata hata mwaka mmoja wa kuwa mzee mstaafu.

Hapa Tanzania tunajisifu, na sababu tunazo, lakini tuziseme kwa uangalifu. Ukomo wa mihula miwili uliingizwa katika Katiba yetu na mabadiliko ya 1984, yaleyale yaliyoleta haki za binadamu katika Katiba. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaongoza zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo hakuwa wa kwanza kubanwa na kifungu hicho. Wa kwanza alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Ni yeye aliyeonja kwanza kuambiwa na karatasi kwamba imetosha, mwaka 1995, na akatoka. Tunamtaja sana Mwalimu kwa kung'atuka, na anastahili, ila nadhani hatujampa Mwinyi haki yake. Aliyeweka mfano kwa hiari alifanya jambo kubwa. Aliyetii sheria bila kutafuta mlango wa nyuma ndiye aliyeigeuza kuwa desturi. Miaka mitano baadaye, Zanzibar ilipofika zamu ya rais wake, Dk. Salmin Amour, na wapo waliotaka aongezewe muda, jambo hilo halikupita ndani ya chama tawala chenyewe.

Kisha akaja Rais Magufuli. Kumbukumbu bado mbichi. Kasi yake iliwavutia hata waliomwogopa, na haukupita muda mrefu sauti zikaanza. Mwaka 2017 mbunge wa Chemba, Juma Nkamia, alitangaza nia ya kupeleka muswada wa kurefusha kipindi kutoka miaka mitano hadi saba. Mwaka huohuo Mzee Mwinyi, akiwa na umri wa zaidi ya miaka tisini, alisema hadharani kwamba kama isingekuwa Katiba, angependekeza Magufuli awe rais wa siku zote. Wapo waliosikitishwa na kauli hiyo. Mimi nilisikia ndani yake jambo zito. Mzee alimsifu mtu kwa kiwango cha juu kabisa alichoweza, na bado, kabla ya sifa, akaitanguliza Katiba kama jambo lisiloingia kwenye mjadala. Hivyo ndivyo ukomo unavyopaswa kukaa ndani ya mtu. Unaruhusiwa kumpenda kiongozi kupita kiasi, mradi upendo wako haugusi kalenda. Magufuli naye, Januari 2018, kupitia kwa msemaji wa chama chake, alisema hana mpango wa kuongeza muda. Hatuna njia ya kujua shinikizo lingekuwaje kufikia 2025, kwa kuwa Machi 2021 Mungu alimchukua. Nchi ikafungua ibara ya 37 na ya 40, ikakuta jibu limeandikwa: makamu anashika kiti, na akikishika kwa miaka mitatu au zaidi, atagombea mara moja tu. Katika wiki ile ya huzuni na uvumi, mistari michache iliyoandikwa na watu waliokuwa wametulia ilitosha kutuvusha.

Sasa niwape nafasi wanaopinga ukomo, maana hoja zao si za kitoto. Wanasema demokrasia ni hiari ya watu. Watu wakimtaka mtu mara tano, ni nani mwenye haki ya kuwazuia? Ujerumani ilikaa na Angela Merkel miaka 16 na haikuwa udikteta. Ni kweli. Lakini kansela wa Ujerumani anaweza kuondolewa na Bunge mchana mmoja wa Jumatano, hateui majaji peke yake, wala polisi wa majimbo hawako chini yake. Marais wetu wameshika uteuzi kuanzia jaji mkuu mpaka mkuu wa wilaya. Ukubwa wa madaraka ndio unaodai ufupi wa muda. Anayetaka urais usio na kikomo aanze kwa kupunguza madaraka ya rais, ndipo tuzungumze. Tena watu wenyewe wameshasema. Tafiti za Afrobarometer katika nchi nyingi za Afrika zimekuta kwa miaka mingi kwamba karibu watu watatu kati ya wanne wanataka mihula isizidi miwili. Kwa hiyo anayefuta ukomo kwa jina la wananchi mara nyingi anawaendea kinyume.

Hoja inayoniumiza zaidi ni nyingine, nayo hutolewa na vijana. Wanasema: mnabadilisha mtu, chama ni kilekile. Tanzania imekuwa na marais sita na chama kimoja tawala. Ukomo umetusaidia nini? Siwezi kulikwepa swali hilo, hasa baada ya Oktoba 2025. Tulikwenda kwenye uchaguzi kiongozi mkuu wa upinzani akiwa gerezani kwa shtaka la uhaini, chama chake hakimo kwenye karatasi ya kura, na siku ya kupiga kura damu ya Watanzania ikamwagika mitaani. Hakuna kifungu cha mihula kinachoweza kuziba jeraha hilo. Ukomo unamzuia mtu mmoja asikae daima. Hauzuii kundi lisikae daima, wala haumlindi anayepinga. Aliyetuambia kwamba ukomo peke yake ndiyo demokrasia alitupunja.

Hata hivyo sikubali kwamba hautusaidii kitu. Kila miaka kumi chama kinalazimika kuchagua mtu mpya, na katika kuchagua, kambi zinagombana, siri zinatoka, ahadi za zamani zinakaguliwa. Kikwete hakuendesha nchi kama Mkapa, na Magufuli hakuiendesha kama Kikwete. Kila mmoja alipoingia, ndugu na marafiki wa aliyetoka walipoteza milango fulani. Hakuna familia ya Tanzania Bara ambayo imeweza kusema Ikulu ni yetu. Na kiti kinapokuwa wazi, hata upinzani hupata upenyo ambao haungeupata mbele ya aliyekikalia. Kenya iliing'oa KANU, chama tawala, mwaka 2002 wakati Rais Moi haruhusiwi tena kugombea, baada ya kumshindwa mara mbili alipokuwa kwenye karatasi. Ghana iliona jambo hilohilo mwaka 2000 Rais Rawlings alipofikia mwisho wake. Moi alirushiwa matope na umati siku ile ya kukabidhi, Desemba 30, pale Uhuru Park. Ilikuwa aibu, na hakustahili kufanyiwa hivyo mbele ya wageni. Lakini alikabidhi, akaenda zake Kabarak, akaishi miaka 17 zaidi akipokea watu waliokuja kumsalimu, wakiwemo waliokuwa wamemtukana. Alipofariki 2020 walimzika kwa heshima zote za kitaifa. Matope yale yalikauka.

Kwetu kuna kipindi marais wastaafu watatu, Mwinyi, Mkapa na Kikwete, walikuwa wakikaa safu moja kwenye sherehe za taifa, rais aliye madarakani akiwasalimia mmoja mmoja. Nadhani hatukuiona thamani ya safu ile. Kwa kijana afisa wa jeshi aliyesimama pale kwa gwaride, ilimfundisha kwamba amiri jeshi mkuu huja na kuondoka na nchi inabaki. Kwa rais mwenyewe, ilikuwa ahadi kwamba kuna maisha upande wa pili, na kwamba hatawindwa. Nchi ambayo rais akitoka atafungwa, rais wake hatatoka. Kwa hiyo wanaodai ukomo wana wajibu pia wa kuwatunza walioutii, hata wale ambao hawakuwapigia kura.

Linalobaki ni jinsi ya kuulinda, na hapa Watanzania tumelala zaidi kuliko majirani. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka kura ya maoni kabla ya kugusa kipindi cha rais; mwaka 2024 muswada wa seneta mmoja wa kukifanya kiwe miaka saba ulizimwa na hasira za wananchi kabla haujafika mbali. Katiba ya Kongo, katika ibara ya 220, inakataza kabisa idadi na urefu wa mihula visiguswe. Joseph Kabila alichelewesha uchaguzi kwa miaka miwili baada ya muda wake kwisha Desemba 2016, watu wakauawa Kinshasa wakiandamana, lakini hakuweza kuifuta ibara ile, na Januari 2019 aliondoka. Sasa Félix Tshisekedi naye, tangu hotuba yake ya Kisangani ya Oktoba 2024, anazungumzia Katiba mpya, na Wakongo wameshaelewa wakesheje. Sisi, kuibadilisha ibara ya 40 kunahitaji theluthi mbili ya wabunge tu. Chama kimoja kina zaidi ya idadi hiyo. Kinachotukinga ni desturi iliyojengwa na Mwinyi na waliomfuata, na desturi hudumu mpaka siku atakapokuja mtu anayependwa vya kutosha kuivunja.

Mchakato wetu wa Katiba mpya ukirudi mezani, naomba mistari miwili iingizwe. Wa kwanza: kipindi na idadi ya mihula ya rais visibadilishwe bila kura ya maoni ya wananchi wote, Bara na Zanzibar. Wa pili ni muhimu zaidi kwangu: badiliko lolote la namna hiyo, hata likipita kwa asilimia mia, lisimhusu rais aliye madarakani wala makamu wake. Mbunge anayeamini kwa dhati kwamba miaka kumi haitoshi kujenga nchi hatapungukiwa na chochote kwa sharti hilo. Muswada wake utajadiliwa kwa faida ya marais watakaokuja, ambao leo hatujui majina yao, na hatakuwepo mtu wa kuwalipa wabunge milioni 5 ili wakaongee na wapigakura.